Walimu wa lugha, ile ya wanafunzi kuongea wawili wawili huku wanabadilishana inawezekanaje kwa darasa la watu 76?

MwlKidatoPili

Habari za jioni walimu wenzangu na wadau wote. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha pili, shule ya kata huku Tabora, mkondo wangu una wanafunzi 76 na madawati ni yale ya mbao ya kukaa watatu watatu. Nimeandika kirefu kidogo naomba mnivumilie.

Juzi nilikaa nikapiga hesabu nikaumia sana. Kipindi ni dakika 40. Nikisema leo kila mtoto aongee, na mimi mwenyewe nisifungue mdomo kabisa, kila mmoja anapata kama sekunde 31 tu. Afu hapo ndo kwa hesabu, kiuhalisia wanaonyoosha mikono ni wale wale sita wa mbele, wengine wote wanaitikia kwa pamoja mpaka mwaka unaisha. Na hawa watoto wamesoma miaka saba yote kwa Kiswahili, Kiingereza kilikua somo moja tu, wakaingia kidato cha kwanza ghafla baiolojia Kiingereza, jografia Kiingereza, kila kitu, kwa hiyo mtoto anaweza akafika kidato cha nne hajawahi kusema sentensi tano mfululizo kwa mdomo wake. Inaniuma kweli.

Sasa kuna mbinu nilifundishwa chuo, unapanga wanafunzi mistari miwili wanaangaliana, kila mmoja anaongea na wa mbele yake, ukipiga filimbi mstari mmoja unasogea hatua moja kila mtu anapata mtu mpya, wanaanza tena. Wiki iliyopita nikajaribu. Nikawatoa nje chini ya mwembe, mistari miwili ya watu 38, nikaandaa maswali nane, kila filimbi swali jipya. Raundi ya kwanza ilikua nzuri mpaka nikafurahi, ya pili wakaanza kunong'ona Kiswahili, ya tatu ni kucheka tu na wavulana kusukumana, na yule wa mwisho wa mstari anatakiwa akimbie mpaka mwanzo, akifika huko wenzake wameshamaliza. Ya nne nikasitisha. Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuniuliza kuna nini huku.

Sitaki kuiacha kwa sababu ile raundi ya kwanza niliona watoto ambao sijawahi kusikia sauti zao wanaongea. Aliyewahi kuifanya ikakubali kwenye darasa kubwa anisaidie, nilikosea wapi? Na wale watoro mnafanyaje idadi ikiwa witiri?

ChakiNaVumbi

Mwalimu pole na hongera kwa kujaribu, wengi tunaishia kuisoma tu kwenye notsi za chuo. Mimi niko Morogoro, naifanya mwaka wa nne huu na darasa langu halijawahi kushuka chini ya 60.

Kosa la kwanza nililoliona ni huo mstari wa watu 38. Hapana. Vunja vunja. Watu 76 watoe mistari midogo sita, minne ya watu 12 (yaani sita wanaangaliana na sita) na miwili ya watu 14 (saba kwa saba), imeisha hiyo. Kila kamstari kanazunguka kenyewe, wa mwisho akirudi mwanzo anapiga hatua sita tu, hakimbii popote. Kila mstari una monita wake ambaye kazi yake ni kuhakikisha watu wamesogea upande unaotakiwa, maana ukiwaambia wote "sogeeni kulia" wanaoangaliana kulia zao ni tofauti, utashangaa nusu wanaenda huku nusu kule. Mimi nasema "mstari wa mwembe usogee kuelekea jikoni", natumia vitu vinavyoonekana. Upande mwingine hausogei kabisa siku hiyo.

Witiri usiihofie. Acha nafasi moja wazi upande usiosogea. Anayefika pale kwenye nafasi tupu raundi ile hana mtu, anapumzika na anaandika kwenye daftari kitu kimoja alichosikia kwa aliyetoka kuongea naye. Raundi inayofuata anasogea, anakuja mwingine. Hakuna anayeonewa kwa sababu kila mtu wa ule upande unaosogea atapita pale. Usijiweke wewe mwalimu kuziba pengo, wewe unatakiwa utembee usikilize.

Mvua ikinyesha tunafanya ndani bila kuhamisha dawati hata moja. Ondoa watatu watatu, wakae wawili wawili, watakaozidi wabebe stuli au wasimame pembeni ya dawati na kuwa jozi zao. Wa kushoto anabaki, wa kulia anasogea dawati la mbele, wa mbele kabisa anarudi nyuma. Mabegi na madaftari yanabaki palepale, hilo sisitiza mapema la sivyo dakika tano zinaishia kwenye kutafuta kalamu za watu.

Na wavulana kwa wasichana, kidato cha pili wana aibu hawa, wiki mbili za kwanza nawaacha mistari ya wasichana peke yao na wavulana peke yao, wakizoea ndo nachanganya. Nikichanganya mapema kinakua kichekesho.

SkuliYaPwani

Assalaam aleykum. Mimi sifundishi Kiingereza, niko Unguja nasomesha Kiswahili kwa wageni, watu wazima wanaotoka Ulaya na Marekani, darasa dogo la watu 10 au 12, kwa hiyo taabu ya wingi sinayo. Lakini hapo kwenye maswali nane ndugu yangu ndipo ilipoharibika, na hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu na mimi nilikosea hivyo hivyo kwa miaka.

Tunadhani mtu mpya lazima apate na swali jipya. Sivyo. Faida yote ya kubadilisha mtu ni kwamba mwanafunzi anapata sababu ya kweli ya kusema jambo lile lile tena. Ukimwambia mtu "rudia ulichosema" mbele ya mwenzake yule yule anaona unamchosha, mwenzake keshasikia. Lakini akija mtu mwengine mbele yake ambaye hajasikia, habari ni mpya kwa msikilizaji, na kwa msemaji ni mara ya pili, ulimi umeshapita njia ile, maneno yaliyomkwama mwanzo sasa ameshayapata. Ukibadilisha swali kila filimbi unamrudisha mtoto kwenye ile hali ya kutafuta maneno kila dakika, mara nane kwa siku moja. Ndo maana raundi ya kwanza walikuwa na nguvu na ya tatu wamechoka wakakimbilia lugha wanayoijua. Hata mimi ningekimbia.

Kuna mbinu maarufu inaitwa 4/3/2. Aliieleza Keith Maurice mwaka 1983, halafu Paul Nation wa New Zealand ndiye aliyeifanya ijulikane sana kwa walimu wa lugha. Unasema habari moja kwa mtu wa kwanza dakika nne, habari ile ile kwa mtu wa pili dakika tatu, kwa wa tatu dakika mbili. Msikilizaji hasemi, anasikiliza. Muda unapungua kwa hiyo unalazimika kusema kwa wepesi. Na mwaka 2011 watafiti wawili, Nel de Jong na Charles Perfetti, walilinganisha wanafunzi waliorudia mada moja na wale waliopewa mada mpya kila mara. Wote waliongeza wepesi wakati wa mazoezi, lakini walioubakisha baadae ni wale waliorudia. Mimi nilivyosoma hilo nilitupa kadi zangu zote za maswali.

Kwa watoto wako dakika nne ni nyingi mno, wataishiwa. Weka sekunde 90, kisha 60, kisha 45. Jumla dakika tatu na robo. Upande wa pili nao waseme, dakika tatu na robo nyengine. Kipindi kinabaki na nafasi kubwa.

Nikupe na mfano wa kwangu maana naupenda. Salamu. Mgeni anasoma salamu kwenye kitabu anajua "shikamoo" ni ya mkubwa, lakini akitoka nje anamuamkia shikamoo kijana wa rika lake na mzee anamwambia mambo. Basi mstari mmoja nawapa kadi, wewe ni bibi wa miaka 70, wewe ni muuza madafu wa umri wako, wewe ni mtoto wa madrasa, wewe ni mkwe. Mstari mwengine unapita. Kazi ni ile ile moja, salimia, ulizia nyumbani, ulizia kazi, aga. Lakini kila anayekuja mbele inabidi apime, namuanza mimi au ananianza yeye, nashika mkono au nasubiri. Wakifika kwa mtu wa sita unaona mwili wenyewe umebadilika, wanainama kidogo bila kuambiwa.

Mzee wa Taaluma

Nimewasoma wote na nawaheshimu ila lazima mtu aseme upande wa pili. Toka mtaala wa 2005 tunaambiwa mwanafunzi awe katikati, mwalimu awe mwezeshaji, semina juu ya semina. Ukirudi shuleni darasa la watu 90, silabasi haijafika nusu, upimaji wa kidato cha pili ni wa kuandika, wa kidato cha nne ni wa kuandika, mtihani wa kuongea haupo. Mzazi ataangalia daraja tu.

La pili na ndo kubwa kwangu. Mtoto asiyejua akiongea na mtoto asiyejua wanafundishana nini? Makosa. Mmoja anasema vibaya, mwenzake anabeba, anampelekea wa tatu, filimbi sita kosa limezunguka mstari mzima na mwalimu hakulisikia. Nimeliona kwa macho yangu miaka 20 kazini. Mimi sikatai waongee, nasema mwalimu lazima awe mle ndani ya yale maneno.

SkuliYaPwani

Mzee wangu hapo kwenye makosa una haki na sitakubishia. Hata kwenye hiyo 4/3/2 kuna watafiti wawili, Thai na Boers, mwaka 2016, walijaribu kwa wanafunzi wa Vietnam wakaona muda unapopungua wepesi unaongezeka lakini usahihi haukuongezeka, bali wale waliorudia kwa muda usiopungua walipata nafuu kidogo kwenye usahihi. Kwa hiyo ukitaka usahihi usiwabane muda. Mimi siku hizi baada ya mtu wa kwanza nasimamisha wote dakika tatu, naandika ubaoni makosa matatu niliyoyasikia bila kutaja jina, tunasahihisha, ndo wanakwenda kwa mtu wa pili. Kosa linakatwa kabla halijasafiri.

WalimuWaMtaa254

Hamjambo walimu, niko Kenya, nafunza Kiswahili junia sekondari. Huku shida ni kinyume cha yenu, watoto wanaongea sana lakini ni Sheng, ukimwambia aongee Kiswahili sanifu ananyamaza ama anaanza kucheka.

Nataka kuongeza kitu kimoja kuhusu huyo msikilizaji. Ukiacha tu "sikiliza", hatasikiliza, ataangalia viatu. Lazima awe na kazi. Mimi nawapa hii: kila mtu anakuja na habari moja, labda jinsi ya kupika kitu nyumbani kwao, na ukifika kwa mtu wa pili huelezi yako, unaeleza ile umesikia kwa wa kwanza. Wa tatu unampelekea ya wa pili. Mwisho tunauliza mwenye habari, ni hivi ulisema? Hapo ndo utaona venye watu wanaanza kuuliza maswali, "ngoja, maji unaweka kabla ama baada ya unga?", juu anajua yeye ndiye ataisimulia akisogea. Hayo maswali hakuna mtu alimwambia aulize. Kwangu hilo ndilo zoezi lenyewe.

Ni kinyume kidogo na ya kaka wa Unguja ya kurudia, najua. Nadhani yake ni ya ulimi na yangu ni ya sikio. Kwa hao wa Tabora ningeanza na yake kwanza.

Na tafadhali, kuhusu wakiteleza kwa lugha ingine, usiwaadhibu. Sisi tulivalishwa diski shingoni shule ya msingi kwa kuongea lugha ya nyumbani, aliyenayo anamvizia mwenzake ampatie, jioni wote waliovaa wanachapwa. Nilitoka pale nikijua kunyamaza vizuri sana. Sikujifunza kuongea.

Hesabu_na_Maisha

Mimi mwalimu wa hesabu nimepita tu ila kuna kitu kwenye hii mistari hamjakisema. Mistari miwili ikiangaliana na mmoja tu unasogea, watu 12, kila mtu anakutana na sita wa upande wa pili tu, hawezi kukutana hata siku moja na wale wa upande wake. Kama lengo ni kila mtu aongee na kila mtu, badala ya kusogeza mstari, mtu MMOJA tu asimame palepale na wengine wote 11 wazunguke kama duara, mstari wa huku unakwenda kulia, ukifika mwisho unavuka upande wa pili unarudi kushoto. Kwa raundi 11 kila mmoja atakua ameonana na kila mmoja mara moja tu, hakuna kurudia. Ndo hesabu ile ile ya ratiba ya ligi, Ligi Kuu timu 16, raundi 15 wote wamekutana, afu wanarudiana zinakua 30. Na ikiwa timu ni witiri inawekwa timu hewa, anayekutana nayo anapumzika, kama alivyosema wa Morogoro.

Kwa Kiingereza chenu sidhani kama mnahitaji raundi 11 kwa siku, lakini ukiwa na mstari ule ule muhula mzima unaweza kwenda raundi tatu kwa wiki na kuandika mlipoishia. Mimi nafanya kwenye hesabu, mmoja anamweleza mwenzake alivyotafuta jibu la swali lake, lile lile swali, kwa watu watatu. Akifika kwa wa tatu ndo mwenyewe anagundua alikosea wapi kwenye alama ya kutoa.

nimepona_kimya

Mimi sio mwalimu. Nina kigugumizi toka utoto na nimesoma huu uzi mara mbili nikaona niandike.

Kusimama mbele ya darasa kwangu ilikua kifo. Nilikua najua jibu nanyamaza, nachapwa, bora fimbo. Kidato cha tatu akaja mwalimu mmoja wa kujitolea akawa anatufanyisha hii kitu. Na kwa mara ya kwanza nikaongea, kwa sababu kelele za darasa zima zinakufunika, anayekusikia ni mtu mmoja tu, na kama amekucheka basi dakika moja baadae ameshaondoka mbele yako kaja mwingine ambaye hajui ulikwama wapi. Mtu wa nne wa tano nilikua nasema sentensi nzima. Hilo sijalisahau mpaka leo na mimi mtu mzima nina watoto.

Ila naomba sana walimu. Hiyo filimbi. Ukiwa umekwama kwenye neno, unalisukuma, ndo linataka kutoka, filimbi inalia na mwenzako anageuka anaondoka, unabaki nalo mdomoni. Inaumiza kuliko kuchekwa. Yule mwalimu alikuja kuligundua mwenyewe, akawa kabla ya filimbi ananyanyua mkono juu sekunde kama kumi ukiuona unajua malizia, na aliniweka upande usiosogea, mwisho wa mstari, ambapo anayekuja kwangu kama nachelewa anaweza kungoja bila kumchelewesha mtu mwingine. Hakunitangaza kwa darasa. Na asiyesikia vizuri je? Kelele zile zinazonifunika mimi zinamwangamiza yeye, huyo mpelekeni mstari wa pembeni kabisa mbali na wengine.

MwlKidatoPili

Ndugu zangu nimerudi. Niseme kwanza huo ujumbe wa mwisho niliusoma ofisini ikabidi nitoke nje kidogo. Nina kijana mmoja kwenye mkondo wangu, nilikua namuona mkaidi.

Jana nilifanya tena. Mistari sita, monita sita, mada moja tu: eleza siku ya Jumamosi nyumbani kwenu toka asubuhi. Nikawapa dakika tano waiwaze kwa Kiswahili kwanza kwa kuongea na aliye jirani, afu ndo tukatoka. Sekunde 90, nikasimamisha, nikaenda kwenye ubao mdogo, kisha 60, kisha 60 tena, sikuibana zaidi baada ya kusoma ile ya Vietnam. Mkono juu kabla ya filimbi. Upande wa pili vilevile. Kutoka na kurudi na kupangana kulikula dakika 11, nilipima, ni nyingi ila mara ya kwanza.

Sijasema imekua ya ajabu. Mstari mmoja wa nyuma walirudi Kiswahili raundi ya pili na hawakutoka tena. Na Mzee wa Taaluma alilolisema nimelikuta waziwazi, kuna binti anajiamini sana alisema "my mother she sell vitumbua", na kwenye ule mstari raundi ya tatu nikasikia my father she go, my sister she cook, my grandmother she sleep, limekwenda nyumba kwa nyumba. Nililisikia kwa sababu sikua nabanwabanwa na maswali nane, nilikua natembea tu. Nikarudi nalo ubaoni, leo limekua somo la kipindi kizima cha kuandika na hawakusinzia kwa sababu ni sentensi zao.

Lakini watu 76 wameongea kila mmoja zaidi ya dakika tatu. Badala ya sekunde 31.

Yule kijana nilimweka mwisho wa mstari upande usiosogea. Sikumwambia kitu. Sijui alisema nini maana nilimpita kwa mbali makusudi, ila midomo ilikua inakwenda.

Mzee wa Taaluma

Hiyo "she" iliyozunguka, uliandika mahali ilijitokeza mara ngapi? Fanya hivyo, hesabu raundi ya kwanza na raundi ya tatu. Kama baada ya kuisahihisha katikati inapungua, nitumie namba hizo niwaonyeshe walimu wangu wa lugha, wako watatu na wote wanaogopa kelele.

MwlKidatoPili

Sikuhesabu mzee wangu. Jumanne nina vipindi viwili vya pamoja, dakika 80, nitawapa monita karatasi wapige vijiti. Nitaleta hapa.